Je, wajua kwa nini Randy Bass hakuwika kwao Marekani lakini Japani wakamwita mungu?

Oktoba 1985, mashabiki wa timu ya besiboli ya Hanshin Tigers walijazana kwenye daraja la Ebisu, Osaka, kusherehekea ubingwa wa ligi yao. Waliita majina ya wachezaji mmoja mmoja, na kila jina likiitwa, shabiki anayefanana na mwenye jina anajitosa mto Dotonbori. Lilipofika jina la Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu, hakukuwa na wa kufanana naye. Basi wakaibeba sanamu ya Kanali Sanders, yule mzee wa kuku wa KFC, wakaitosa hiyo badala yake.

Huko kwao Bass hakuwa na jina kubwa. Mzaliwa huyu wa Oklahoma alipita timu tano za ligi kuu ya Marekani kati ya 1977 na 1982, na kwa miaka yote hiyo akacheza mechi 130 tu. Nguvu alikuwa nazo: mwaka 1980, katika timu ya daraja la chini ya Denver, alipiga mipira 37 iliyovuka uzio. Kilichomponza ni miguu. Alikuwa mzito wa kukimbia, hivyo pa kumweka palikuwa kituo cha kwanza, nafasi ya ulinzi isiyodai mbio nyingi, na katika timu ya Minnesota alikoanzia, kituo hicho kilikuwa na Rod Carew, mmoja wa wapigaji hodari wa enzi hizo. Mpigaji anayeitwa leo na kukaa benchi wiki nzima atazoea lini?

Hanshin walimchukua mwaka 1983 wakampa nafasi ya kila siku. Wapo wanaosema Japani ilikuwa rahisi tu. Mimi naona jibu liko kwenye upepo. Uwanja wa Koshien uko karibu na bahari, na upepo wake, hamakaze, huvuma kutoka kulia kwenda kushoto. Bass alipiga kwa mkono wa kushoto, na wapigaji wa namna hiyo kwa kawaida huuelekeza mpira kulia, yaani upepo unawarudishia usoni. Yeye akajifunza kuusubiri mpira kidogo, kisha kuusukuma kushoto, upepo umalizie kazi.

Mwaka 1985 aliongoza ligi kwa wastani wa upigaji (sehemu ya majaribio yake yaliyofaulu), kwa pointi alizoleta na kwa mipira iliyovuka uzio, 54. Rekodi ya msimu mmoja ya Sadaharu Oh, nguli wa besiboli ya Japani, ilikuwa 55. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Giants, timu ya Tokyo, kocha wao akiwa Oh mwenyewe, na warushaji wakawa wanamtupia mipira ya pembeni isiyopigika. Rekodi ikapona. Mwaka uliofuata Bass akafikisha wastani wa 0.389, ambao Japani haujavunjwa hadi leo. Mashabiki wakawa na msemo wao: Mungu, Buddha, Bass.

Mwaka 1988 mwanawe aliugua uvimbe wa ubongo. Bass akarudi Marekani kumuuguza, na klabu ikamwacha. Baadaye akawa seneta wa jimbo la Oklahoma.

Baada ya ubingwa wa taifa wa 1985, Tigers walikaa hadi 2023 ndipo wakautwaa tena, na watu walisingizia laana ya Kanali. Mzee mwenyewe aliopolewa mtoni mwaka 2009, bila miwani na bila mkono wa kushoto.