Mdoli ukae leba, si kabatini

Vituo vingi vikitaka kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto asiyepumua, huomba semina: ukumbi, siku moja, cheti. Nami huanza kwa kuwaeleza yaliyoonekana katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wa hospitali hiyo walipata mafunzo ya siku moja ya mpango wa Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Walipopimwa baadaye kwa mdoli wa mafunzo ulio mfano wa mtoto mchanga, walikuwa wameimarika. Leba, yaani wodi ya kujifungulia, hata hivyo, huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Ndipo mazoezi yakahamishiwa wodini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mganga mfawidhi ni hili: mdoli wenu unakaa wapi? Ukifungiwa ofisini na funguo ziko kwa mtu aliye likizo, hakuna mafunzo hapo.

Mdoli wa NeoNatalie hujazwa maji ya vuguvugu, takribani lita 2. Wengine huujaza hewa kwa sababu ni haraka, lakini mdoli mwepesi hauzoeshi mikono uzito wa mtoto, wala haulegei kama mtoto aliyechoka. Weka pembeni vitambaa viwili vikavu, kofia, kifaa cha kunyonya ute, ambubegi (mfuko unaobanwa kwa mkono kumpa mtoto pumzi) yenye barakoa namba 0 na namba 1, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Tumia meza ileile ya kuhudumia watoto. Kama swichi ya taa iko mbali au meza imejaa mafaili, zoezi litalifichua hilo mapema.

Watu wawili wanatosha. Mmoja anahudumia, mwingine anashika mdoli, anabonyeza kipira cha mapigo ya kitovu na kutazama saa. Mtoto "amezaliwa", hajalia. Mkunga anamkausha, anatupa kitambaa kilicholowa, anasafisha njia ya hewa iwapo tu imeziba, anamsugua mgongo, anakata kitovu, na kabla dakika 1 haijaisha awe ameanza kumpa pumzi. Hiyo ndiyo dakika ya dhahabu. Kasi ni pumzi 40 kwa dakika: bana ukisema "moja", achia ukihesabu "mbili, tatu".

Wengi hukwama kwenye dakika hiyohiyo. Mkunga ananyonya ute, anasugua, ananyonya tena, akidhani bado anamsaidia, kumbe sekunde zinakwisha na mapafu hayajapata hewa. Kosa la pili ni barakoa kuvuja. Kidole gumba na cha shahada viishike juu, vidole vingine viinue taya. Ukiikandamiza tu kwa juu, kidevu hushuka na njia ya hewa hujifunga. Kifua kisipopanda, rekebisha kichwa, weka upya barakoa, safisha mdomo, ufungue kidogo, kisha bana kwa nguvu zaidi. Waambie pia kwamba mapafu ya mtoto aliyetoka kuzaliwa yamejaa majimaji, hivyo pumzi za mwanzo zinaweza kuhitaji nguvu kuliko mdoli unavyotaka.

Mazungumzo baada ya zoezi yasirukwe, hata zamu ikiwa na watu wachache. Mwezeshaji aulize: umeona nini, kipi kilikusaidia, kipi ungefanya tofauti? Asianze na makosa. Matokeo yasipelekwe kwenye tathmini ya utumishi, maana mkunga akihisi anapimwa kazi, wiki ijayo hutamwona.

Mkoa ukitaka kupanua jambo hili, usinunue midoli kwanza. Teua wawezeshaji wawili katika kila kituo, wanaofanya kazi leba na hawahamishwi ovyo, kisha wapitie rejesta ya uzazi kila mwezi. Kama inaonyesha watoto walichelewa kupewa pumzi, zoezi la mwezi huo ni barakoa na saa. Kama kina mama wanavuja damu, fanyeni zoezi la kukanda mfuko wa uzazi na kuchoma oksitosini, dawa ya kuubana mfuko huo, yuniti 10.

Mpango wa Safer Births ulifuata njia hiyo katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya saa 24 vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000, ingawa si mikoa yote iliyofanana. Siwezi kuupa mdoli sifa yote: vituo vilipata pia kifaa cha Moyo cha kufuatilia mapigo ya mtoto tumboni, na data zilijadiliwa wodini hapohapo. Ndiyo maana kituo kikiniomba mdoli, nami huomba kuona rejesta yao ya miezi mitatu iliyopita.