Namba ya siri iliyogeuzwa haiwaiti polisi

Katika makundi ya WhatsApp ya Kampala na Mbarara hurudi kila mara ujumbe unaodai kwamba, mwizi akikulazimisha kutoa pesa kwenye ATM, ukiandika namba ya siri kinyumenyume mashine itazitoa huku ikiwaita polisi kimyakimya. Si kweli: mashine huihesabu kuwa namba yenye makosa, na ukirudia kadi inaweza kufungwa, jambo la hatari mbele ya mtu mwenye silaha. Hakiki mwenyewe kwa karatasi: 2332 ikigeuzwa hubaki 2332, hivyo mashine isingeweza kujua kama unaomba msaada. Mkanganyiko unatokana na wazo lililopendekezwa kweli Marekani miaka ya 1990, ambalo benki hazikulitumia. Wengi huusambaza kwa nia njema, lakini tuache. Ukishakuwa salama, piga 999.