Ulichopima ni sabuni, siyo ngozi

"Daktari, mimi nina ngozi kavu. Nimeshapima mwenyewe."

Nikisikia mtu anaanza hivyo, huwa naweka kalamu chini. Wa wiki hii alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Paji la uso linang'aa, pua imejaa vichwa vyeusi, chunusi zimejipanga kwenye taya. Mkobani ana kopo la mafuta mazito anayojipaka asubuhi na jioni, "kwa sababu ya ukavu". Nikamuuliza alipimaje. Akanijibu kama mtu aliyekariri somo: aliosha uso, akakaa saa nzima bila kupaka kitu, uso ukakaza. Ukikaza ni ngozi kavu. Ndivyo wanavyosema kila mahali.

"Uliosha na nini?"

"Na sabuni." Ya kipande, ile ile ya kuogea, na alisugua mpaka ngozi ikalia chini ya vidole.

Basi mama, ulichopima ni sabuni.

Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) huzunguka 5. Sabuni halisi ya kipande iko 9 mpaka 10. Tabaka la juu kabisa, lile la seli zilizokwisha kufa, ni jembamba kuliko unywele mmoja, na kazi yote ya kuzuia maji ya mwili yasitoroke limeachiwa lenyewe. Kati ya seli hizo kuna mafuta yake maalumu, seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yamekandikwa kama udongo kwenye fito. Sabuni haina macho. Inaondoa vumbi, inaondoa jasho, na inakwangua kandiko pia. Seli zinavimba kwa maji, kisha maji yanaruka upesi kuliko kawaida, ngozi inasinyaa, na wewe unahisi uso umevutwa mpaka masikioni. Hilo litampata mwenye ngozi ya aina yoyote. Linanipata hata mimi, na pua yangu ikifika saa sita mchana mtu anaweza kujitazamia humo.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa: watu wanachanganya mafuta na maji.

Mafuta yanayong'arisha uso hutoka kwenye tezi za mafuta. Zimejaa kwenye paji la uso, pua na kidevu. Viganjani na nyayoni hazipo kabisa. Bwana mkubwa wa tezi hizo ni homoni, hasa androjeni, zile ziitwazo za kiume ingawa wanawake pia wanazo, ndiyo maana uso hubadilika wakati wa kubalehe, na wanawake wengi hukaukiwa baada ya kukoma hedhi. Maji ni habari nyingine. Kuyahifadhi ni kazi ya lile kandiko nililolitaja. Tezi zako zinaweza kumwaga mafuta kutwa nzima huku kandiko likivuja. Mtu wa namna hiyo anang'aa na kukaza kwa wakati mmoja, anaona ngozi yake ina wazimu. Haina wazimu. Ni ngozi ya mafuta iliyokosa maji.

Ngozi kavu ya kweli, yaani iliyopungukiwa mafuta, haing'ai hata jioni. Inapauka, inaparara, ukipitisha ukucha inaacha mstari mweupe, na vipodozi vinashika kwenye magamba. Huyo mpe krimu nzito bila hofu. Lakini ukimpakaza krimu hiyo hiyo binti wa paji linalong'aa, hujamwongezea hata tone la maji. Umemwekea mfuniko juu ya sufuria tupu. Mafuta hufunika, maji lazima yawepo kwanza. Ndiyo sababu tunasema paka ngozi ikiwa bado na unyevu, na tafuta kitu chenye gliserini, kinachoshika maji.

Hapa nikiri jambo. Nilimwambia aache lile kopo kwa sababu lina siagi ya kakao na mafuta ya nazi, na hizo zinasifika kwa kuziba vitundu. Orodha za vitu "vinavyoziba" zimetokana kwa sehemu kubwa na majaribio kwenye masikio ya sungura, yaliyoanza kupata umaarufu miaka ya 1970. Sikio la sungura siyo taya la binti huyu. Nimeona wanaojipaka mafuta ya nazi miaka nenda rudi na nyuso zao ni safi kuliko yangu. Kwa hiyo sikumwapia. Nilimwambia aache tuone. Mafuta ya mgando meupe yasiyochanganywa na kitu, kwa upande mwingine, yanasingiziwa tu.

Na kingine: ile hadithi kwamba ukiosha sana, tezi zinalipiza kisasi kwa kutoa mafuta zaidi. Nimeihubiri mwenyewe miaka mingi, inapendeza kuisimulia. Ushahidi wake ni mwembamba. Tezi inasikiliza homoni, haina jicho la kuona umetumia sabuni gani. Nafikiri wanaoosha kupita kiasi wanaona mng'ao upesi kwa sababu tu wamezoea uso mkavu kama karatasi. Siwezi kuthibitisha hilo pia.

Ukitaka kupima kwa haki, acha sabuni ya kipande wiki mbili kwanza. Osha kwa kisafishio laini kisicho sabuni, maji ya vuguvugu, mara mbili kwa siku, basi. Halafu chagua siku moja, osha asubuhi, usipake kitu, na usikimbilie kioo baada ya saa moja. Subiri mpaka mchana. Gandamiza karatasi laini kwenye paji, pua, kidevu, kisha kila shavu kwa karatasi yake. Zishike mbele ya mwanga. Palipo na mafuta karatasi inapenyeza nuru. Rudia siku nyingine yenye hali ya hewa tofauti, na kama unapata hedhi, rudia katikati ya mzunguko wako na mwishoni. Majibu yasipolingana usishangae. Aina ya ngozi siyo kundi la damu.

Zile aina za ngozi zenyewe, kavu, ya mafuta, mchanganyiko (mafuta katikati ya uso, mashavu makavu) na kadhalika, zilienezwa na biashara ya vipodozi mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa vipodozi Helena Rubinstein akiwa mstari wa mbele. Zilikuwa njia nzuri ya kupanga makopo. Na wale mnaoniandikia "mimi ni aina ya 5", hicho ni kipimo kingine kabisa. Daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikiweka mwaka 1975 kuangalia ngozi inavyoungua au kuwa nyeusi juani, ili ajue kiasi cha mionzi ya kuwatibu wagonjwa weupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Hakisemi lolote kuhusu mafuta.

"Ngozi nyeti" sitaiongelea sana, nitakasirika. Wengi wanaojiita hivyo wamejiunguza wenyewe kwa visugulio, ndimu, au krimu za kujichubua zenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Kama umetumia hizo kwa muda, usiache ghafla wala usiendelee kwa kubahatisha. Muone daktari wa ngozi. Uso unaowasha na kutoa magamba bila kukoma unaweza kuwa ukurutu, na ukurutu ni ugonjwa.

Matunzo? Mafupi. Ngozi ya mafuta: losheni nyepesi, ndiyo, losheni, hata wewe, asidi ya salisiliki kwa vichwa vyeusi, taratibu. Kavu: krimu yenye seramidi. Wote: kinga ya jua, SPF (kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye kopo) 30 au zaidi. Mwenye ngozi nyeusi asiniambie yeye hahitaji. Mabaka anayonilalamikia yanakolezwa na jua, tena hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na huo kinga nyingi zisizo na rangi hazizuii vizuri. Tafuta yenye rangi, ya oksidi ya chuma.

Yule binti amerudi leo. Chunusi za taya zimepungua nusu, uso haukazi tena, na bado ana lalamiko: paji linang'aa.

"Litaendelea kung'aa," nikamwambia. "Ndivyo lilivyo."

"Sasa mimi ni aina gani?"

Nikamgandamiza karatasi kwenye mashavu: kavu kabisa, pande zote mbili. Kwenye faili nikaandika "mchanganyiko", nikatazama, nikaongeza alama ya kuuliza.

"Na ile sabuni?"

"Naoshea viatu."