Je, wajua kwa nini pikipiki ya Yamaha imebeba kifaa cha muziki kwenye tenki?

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba, na kazini alipewa Yamaha ya kuchanganya oili na petroli. Jioni aliiegesha chini ya mwembe, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, ndipo akaingia sebuleni kuwasha amplifaya. Santuri haikuguswa kwa kidole chenye grisi. Mimi nilikaa sakafuni nikilinganisha: kwenye tenki kulikuwa na vyuma vitatu vilivyopishana ndani ya duara, na kwenye uso wa amplifaya vilevile vitatu. Siku moja nikamwuliza, hawa watu wa pikipiki wanajua nini kuhusu muziki?

“Uliza kinyume chake, mjomba,” akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.

Alikuwa na haki. Muziki ndio uliotangulia, tena kwa miaka mingi.

Kila kimoja cha vile vyuma vitatu ni uma wa sauti, kifaa chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa sauti moja tu, safi, isiyobadilika. Ule unaotumika sana hutetemeka mara 440 kwa sekunde, na hiyo ndiyo noti ya La ambayo mafundi wa vinanda na wapiga fidla hurekebishia vyombo vyao.

Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu nchini Japani, kinanda cha upepo cha shule moja ya msingi kiliharibika. Akaitwa Torakusu Yamaha, aliyekuwa fundi wa saa na vifaa vya tiba. Alikitengeneza, kisha akaunda cha kwake. Kwa kuwa alitaka wajuzi wakipime, yeye na mwenzake walikitundika kwenye mti, wakaubeba mabegani, wakavuka nacho milima ya Hakone mpaka Tokyo. Huko waliambiwa kinanda kimeundwa vizuri, ila sauti zake hazijapatana. Torakusu hakukata tamaa. Alibaki Tokyo kama mwezi mzima akijifunza elimu ya sauti, akarudi Hamamatsu kuunda kingine. Kampuni yake, Nippon Gakki, ilisajiliwa mwaka 1897, na mwaka uliofuata ikachukua uma wa sauti kuwa alama yake. Mtu aliyebeba kinanda kuvuka milima na kuambiwa hakijapatana, sishangai akichagua alama hiyo.

Pikipiki zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati wa vita kiwanda kilikuwa kimeamriwa kutengeneza propela za ndege, na vita vilipokwisha mashine zile za kuchonga chuma zikabaki bila kazi. Rais wa kampuni, Genichi Kawakami, alifikiria mambo mengi, hata cherehani, kisha akachagua pikipiki. Ya kwanza, YA-1 ya cc 125, ilitoka mwaka 1955. Ilikuwa na rangi ya damu ya mzee, nyembamba, na Wajapani wakaiita Akatombo, yaani kereng'ende mwekundu. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya pikipiki ilitengwa na ile ya vinanda, na kereng'ende akashinda mbio za kupanda Mlima Fuji katika daraja lake.

Wengi huishia hapo: mashine zilikuwepo, zikatafutiwa kazi. Mimi naona kuna zaidi, na ukitaka kuliona chuchumaa kando ya pikipiki ya zamani ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli, uangalie ekzosi yake. Inatoka kwenye silinda ikiwa nyembamba, inavimba tumboni kama chatu aliyemeza mbuzi, halafu inabanwa tena kabla ya kuishia kwenye kibomba kidogo. Uvimbe ule si urembo. Ni chombo cha muziki.

Injini ya mipigo miwili haina vali za juu. Moshi unatokea kwenye tundu la ubavuni mwa silinda, na petroli mpya inaingia wakati tundu hilo bado liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli hutoroka bila kuungua. Tundu linapofunguka, mshindo wa moshi hukimbia ndani ya bomba ukiwa wimbi la sauti. Ukifika pale bomba linapopanuka, hurudisha nyuma wimbi la kunyonya, nalo husaidia kuvuta moshi uliobaki silindani. Mshindo wenyewe unaendelea mpaka pale bomba linapobana, unagonga ukuta, unarudi kama kofi, na kuisukuma petroli iliyokuwa ikitoroka irudi ndani punde tu kabla pistoni haijaziba tundu. Refusha bomba kidogo, kofi linachelewa. Lifupishe, linawahi. Ndiyo maana pikipiki hizi hulegea mwendo wa chini, halafu zikifika mzunguko fulani zinaruka kama zimechapwa: hapo wimbi na pistoni vimepatana.

Aliyeikamilisha hesabu hii miaka ya 1950 ni Mjerumani Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ katika mji wa Zschopau. Kabla ya vita, mji huohuo ndio ulioitoa DKW RT 125, pikipiki ambayo YA-1 iliiga.

Sasa njoo sebuleni. Spika nyingi zina tundu la duara mbele au nyuma. Weka kiganja hapo besi inapopiga, utasikia pumzi. Ni jambo lile unalolifanya ukipuliza mdomo wa chupa tupu ya soda: hewa iliyo shingoni hucheza juu ya hewa iliyo tumboni, na kila chupa ina noti yake. Fundi wa spika huchagua urefu wa kibomba kile ili noti hiyo iangukie pale ambapo koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, imeanza kuishiwa nguvu. Naye anapima bomba kwa sikio na kwa rula, sawasawa na fundi wa ekzosi.

Kuna hesabu moja ninayoipenda kupita zote. Injini ya mipigo miwili yenye silinda moja hulipuka mara moja kila mzunguko. Kwa mizunguko 6,600 kwa dakika, hiyo ni milipuko 110 kwa sekunde. Zidisha mara nne: 440. Mjomba alipokuwa akikata kilima kwa gia ya tatu, injini yake ilikuwa ikiimba La ileile ya uma wa sauti, oktavi mbili chini, kwani kila oktavi huzidisha mitetemo mara mbili. Uma ule uko kwenye tenki, kati ya magoti ya dereva.

Kampuni zile mbili zimeachana, lakini bado huitana. Lexus ilipotaka gari la LFA liwe na mlio wa kipekee, injini yake ya silinda kumi iliundwa pamoja na Yamaha ya pikipiki, na wataalamu wa Yamaha ya muziki wakaletwa kuupanga mlio uliokuwa ukimfikia dereva.

Ukitaka kuzitofautisha, kiangalie vizuri kinanda cha Yamaha cha kanisani au cha kikundi cha taarab. Ncha za vile vyuma vitatu zinaishia ndani ya duara. Kisha shuka ufukweni uangalie mashine ya boti, au simama kando ya Yamaha yoyote iliyoegeshwa: ncha zimefika mpaka kwenye ukingo wa duara, zimeugusa.