Ukipanga matembezi ya Mombasa, anza na jua

Wengi wanaonitafuta kwa WhatsApp kuhusu ratiba ya kutembeza wageni Mombasa hunitumia listi. Fort Jesus, Mji wa Kale, Pembe za Ndovu, Marikiti, Haller Park, alafu swali, je yote yataingia siku moja? Listi sina shida nayo, ila mimi huiangalia mwisho. Kwanza nataka kujua jua litakua wapi saa ngapi, pili maji ya bahari, tatu saa za swala, ukishapata hayo matatu utaona kila mahali kumebaki na wakati wake mmoja tu unaofaa kwenda.

Mombasa iko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hivo saa sita jua liko utosini na ukuta wenyewe haukupi kivuli, na mgeni aliyeshuka kwa ndege jana akitokea kwenye baridi hatakwambia amechoka, ataanza tu kuangalia simu. Fort Jesus naingia ikifunguliwa, saa mbili asubuhi. Na hapa ndio natofautiana na wenzangu wengi, wao huanzia makumbusho ya ndani kwa sababu ndiko kuna maelezo, sasa wakitoka huko ni saa nne na nusu ndio wanapandisha watu juu ya kuta, mawe yashapata moto, hakuna anayesikiza tena. Mimi juu kwanza. Pale unaona mlango wa bahari wote, na hadithi ya Waomani kuizingira ngome kuanzia 1696 mpaka wakaichukua Disemba 1698 inaelezeka kwa kidole, meli za kuwasaidia Wareno waliokua ndani ziliingilia pale, Santo António de Tanna ikazama hapa chini 1697. Tukishuka ndio tunaingia ndani kwenye kivuli kuona vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi kwa meli hiyohiyo, na mtu anaviangalia kwa hamu manake ashaona ilipozama. Kwamba ujenzi ulianza 1593, kwamba mchoro ni wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati, kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, hayo nayagawa njiani kidogokidogo, ukiyamwaga yote getini umewapoteza.

Mji wa Kale unaweza kungoja mpaka saa nne, tano, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na nyumba ni za ghorofa, kivuli kipo upande mmoja ama mwingine. Napita Ndia Kuu, milango ya nakshi, roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry ambao ni wa 1570, tunauangalia kwa nje. Leso mbili tatu ziko kwa begi kila siku, mabega yakiwa wazi namfunika mgeni bila kesi. Na picha ni za nyumba, sio za bibi aliyekaa barazani mwake, mpaka aulizwe.

Ijumaa usipange chochote cha Mji wa Kale kati ya saa sita na nane, maduka yanafungwa na watu wako msikitini. Ramadhani geuza siku yote, mchana fanya mafupi, jioni baada ya futari ndio mtaa unaamka, viazi karai na mahamri kila kona, kusema kweli mimi naona hiyo ndio ziara bora ya mwaka lakini maajenti wengi huiogopa.

Sasa maji. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu maji huwa yamepwa kabisa mwendo wa saa nne saa tano asubuhi, na yanajaa jioni saa kumi hivi. Kwa hivo kutembea mwambani ni asubuhi na jahazi ni jioni. Wiki inayofuata, maji mafu, yaani hayajai wala hayapwi sana, mambo yanageuka, maana kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukikopi ratiba ya wiki jana umejikaanga, utafika ufuoni na viatu vya mwambani na wageni wote wakute maji kiunoni.

Wageni wa meli kubwa ni kazi tofauti, meli haingojei mtu. Wakitaka Diani piga hesabu ya feri ya Likoni kwenda na kurudi, ama zungukia barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri. Mimi huwashawishi wabaki kisiwani.

Na bei, andika ya kwako kando na tiketi za kuingia kando, manake raia, mkaazi na mgeni wa nje hawalipi sawa Fort Jesus, na grupu la siku hizi limechanganyika, kuna dada kaolewa Ujerumani amekuja na wakwe zake, kila mmoja na bei yake.