Je, wajua udongo wa Haller Park ulitoka wapi?

Wageni wa Haller Park, huko Bamburi, Mombasa, hufuata twiga, mamba na kobe. Wengi bado huulizia habari za Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda Mzee, kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra. Msitu wenyewe haumshangazi mtu. Hudhaniwa ni msitu wa pwani uliosazwa. Na anayejua kwamba palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji hudhani malori yalimwaga udongo kwanza, miti ikafuata.

Dhana ya kwanza haina uzito: uchimbaji uliacha sakafu tupu ya mawe ya matumbawe, yenye joto kali, na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu. Ya pili ndiyo sugu, maana inaingia akilini. Mkulima gani asiyejua kwamba udongo hutangulia mti? Bamburi mti ndio uliotangulia. Kuanzia 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba ule. Zilistahimili tatu tu, na iliyotia fora ni mvinje. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, hivyo haukungoja kurutubishiwa ardhi.

Lakini majani ya mvinje, membamba kama sindano, ni magumu na yana tanini nyingi, yaani kemikali chungu ya mimea inayochelewesha kuoza. Yalianguka, yakarundikana, hayakuoza. Hapo ndipo akaletwa jongoo, yule mwekundu wa miguu anayejikunja ukimgusa. Kazi yake ni ya mbuzi wa kukunia nazi: nazi nzima ukiitia majini hupati tui, lakini ikishakunwa, maji hupenya kila chicha na utamu ukatoka. Vivyo hivyo jani zima huwashinda bakteria na kuvu. Likishatafunwa na kutoka kama kinyesi cha jongoo, wanalishambulia pande zote. Tusimpe jongoo sifa zote, basi: yeye hukuna, wao ndio wanaokamua. Mboji ikajaa taratibu juu ya jiwe.

Ajabu nyingine ni kwamba mvinje haujirithi vizuri hapo. Miche yake hutaka jua na ardhi wazi, si kivuli cha mama yake, kwa hiyo udongo ule umezifaa zaidi aina nyingine za miti zilizoletwa baadaye.