Stenti ya polima: kwa nini nguvu yake huisha kabla yake

"Plastiki ikishayeyuka, mshipa si utajifunga tena?" Shemeji aliniuliza hivyo kuhusu stenti ya plastiki, huku Moshi, tumesimama kando ya nyumba ya jirani ambako mirunda ilikuwa bado imebeba zege bichi. Nikamwonyesha ile mirunda. Zege likishika, hutolewa, na dari haianguki.

Stenti ni kijibomba cha wavu kinachoingizwa kwenye ateri iliyoziba, kikatanuliwa kwa puto, kikaushikilia ukuta wa mshipa usinywee. Ya chuma hubaki humo maisha yote. Ya polima, yaani aina ya plastiki, mara nyingi asidi ya polilaktiki, hushikilia mpaka ukuta upone, kisha hutoweka.

Neno "kuyeyuka" ndilo linalopotosha watu. Polima haiyeyuki kama sukari kwenye chai. Maji ya mwilini huipenya na kukatakata minyororo yake mirefu ya molekuli, ndani kwa ndani, kwa hiyo nguvu hupungua mapema ilhali umbo na uzito bado vipo. Absorb, stenti ya aina hii iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ilikusudiwa kuushikilia mshipa kwa takriban miezi 6, lakini ilichukua kama miaka 3 kuisha. Mabaki yake huwa asidi ya laktiki, ambayo mwili huigeuza maji na kaboni dioksidi.

Ugumu wa polima hii ni gigapaskali (kipimo cha ugumu) 3 hivi. Wa aloi ya kobalti na kromi, yaani chuma cha stenti nyingi, hupita 200. Ili kufidia, nyuzi za wavu wa Absorb zilifanywa nene, milimita 0.15 hivi, karibu mara mbili ya zile za stenti nyingi za chuma za sasa. Ndani ya mshipa wa milimita 3 huo ni unene mkubwa: huvuruga mkondo wa damu, na damu iliyovurugwa huganda kwa urahisi. Tafiti zilipoonyesha mabonge ya damu ni mengi kuliko kwa chuma, mauzo yake yakasimamishwa mwaka 2017. Kwangu mimi hilo ndilo somo zito kuliko yote katika habari hii.

Tena polima hii hukatika ikitanuliwa kupita kiasi, ndiyo maana puto hujazwa polepole. Na chini ya mzigo wa kudumu hulegea, kama kamba ya nailoni ya kuanikia nguo: leo imekazwa, baada ya wiki kadhaa imeshuka. Kwa hiyo kuipima ikiwa kavu, kwa siku moja, hakutoshi. Hulowekwa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi joto 37, ikibanwa na kuachiwa kama mapigo ya moyo, miezi kwa miezi.